Chungu cha Midomo Miwili

Runzewe
4 Juni 2024

Kwako mwanangu Shija,

Salamu zikufikie huko ulipo na zikukute umeshiba. Sisi huku tupo. Baba yako kifua kile bado kinamsumbua, lakini kukipambazuka anakwenda parokiani. Ukimwambia apumzike anakuuliza watoto wa komunio watafundishwa na nani.

Nimeandika barua kwa sababu simu anashika yeye, na wewe ulisema huko mtandao mpaka mpande juu ya kichuguu. Nimempa Maganga, kondakta wa basi la Katoro, mama yake tunaimba naye kwaya. Mwandiko usicheke, darasa la nne la zamani ndiyo hili.

Juzi uliposema mmepelekwa Nyabusenga nilinyamaza, ukadhani salio limekwisha. Halikwisha. Nilishtuka tu. Ni kwa bibi yako Mageni kule, nilikozaliwa mimi, na sijakanyaga tangu tumzike, wewe ulikuwa hata shule hujaanza. Nikamwambia baba yako, mtoto tumemsomesha kwa pamba aache jembe, kamaliza chuo kikuu kapewa jembe dogo na brashi. Akacheka mpaka akakohoa.

Sasa mwanangu nisikilize. Huko bondeni upande wenye matete msichimbe. Kuna chatu. Tangu zamani kuna chatu mkubwa pale, aliwahi kumeza ndama wa watu. Waambie wakubwa zako wachimbe huku juu kwenye nchi kavu, vitu vya zamani viko vingi tu. Mimi sitalala mpaka unijibu.

Michembe, vile viazi vikavu, iko kwenye mfuko wa bluu. Usile na maji baridi.

Mama yako,
Tereza


Kambini, Nyabusenga
13 Juni 2024

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Michembe imefika, na Dkt. Enock, mkuu wetu, amekula nusu. Anasema ukiwa na mingine anaomba.

Kuhusu chatu usiwe na wasiwasi. Tumeuliza, hakuna mtu aliyemwona.

Ngoja nikueleze kazi, maana najua Baba anawaambia watu natafuta dhahabu. Mgodi unataka kupanuka mpaka bondeni. Kabla mitambo haijaingia, sisi tunapita kwanza kuandika yote yaliyopo: makaburi, mawe ya kuombea mvua, vijumba vya mizimu, vipande vya vyungu. Makaburi yanahamishwa, ndugu wakiwepo. Vitu vya kale vinakwenda kutunzwa Dar es Salaam. Huku juu tumepata makaburi kumi na moja. Bondeni nilimuuliza mwenyekiti wa kijiji, Mzee Marselino, mara mbili: "Mzee, kwenye matete kuna kaburi?" Akasema, "Kaburi hakuna, binti." Nikaandika hakuna.

Mama, sasa habari yenyewe. Jana, penye matete hapohapo, nimepata chungu. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Kimefukiwa kwenye tope hadi shingoni, na kina midomo miwili. Kimezibwa juu kwa udongo. Dkt. Enock alipoona nakshi za shingoni alivua kofia. Anasema ufinyanzi wa namna ile hata bibi zetu hawakuujua, huenda ni miaka mia mbili au zaidi. Jioni akatusimulia kwamba watu wa nchi nyingi walifanya hivi. Wengine walitupa panga na vikuku kwenye vinamasi, wengine walizika vyungu chini ya vizingiti vya nyumba, kila mmoja kwa imani yake kwamba maji na mlango ni njia ya kwenda kwa wasioonekana. Akasema jina langu litaandikwa kwenye ripoti.

Wewe ni mtoto wa huku. Bibi alikuwa anasemaje kuhusu vyungu vya midomo miwili? Niandikie hata neno moja, nitaliweka na jina lako.

Mwanao,
Serafina Shija


Runzewe
17 Juni 2024

Mwanangu Shija,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara nne, baba yako akaniuliza kuna nini, nikamwambia unadai michembe.

Chungu hicho ni cha pombe. Watu wa zamani walikuwa wanakunywa wawili wawili, huyu mrija huu na yule mrija ule, basi. Hakina maana yoyote. Mkifukie hapohapo mlipokitoa. Jina langu usiliweke popote, mimi sijui mambo, nimeishia darasa la nne.

Usikifungue. Vitu vilivyofungwa vina hewa mbaya, mtu anaweza kupata ugonjwa wa mapafu, na wewe mapafu yako tangu utotoni siyo. Kama ni lazima afungue mtu, si wewe. Si wewe Shija, umenielewa? Mwambie huyo daktari mama yako kakataza.

Mguu wangu umevimba kidogo. Si kitu. Pamba imeshuka bei lakini tutauza.

Ukipata barua hii nijibu siku hiyohiyo, Maganga anarudi jioni.

Mama yako,
Tereza


Kambini, Nyabusenga
27 Juni 2024

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Pole na mguu. Nenda zahanati, usipake mafuta ya taa.

Mama, mara ya kwanza ni chatu, mara ya pili ni pombe, mara ya tatu ni hewa mbaya. Nilimsomea Dkt. Enock, akasema wazee wote wanajibu hivyo wakiwa wanajua. "Mama yako anatunza siri ya ukoo," akasema, "usimlaumu, lakini kazi iendelee."

Tumekifungua jana. Nilikuwa na barakoa na glovu, kwa hiyo mapafu yangu ni mazima. Nimefungua mimi kwa sababu nilikipata mimi.

Ndani kulikuwa na tope laini, shanga nyeupe, na mifupa midogo sana. Myembamba kama njiti. Dkt. Enock kwa haraka alidhani ni ya wana-mbuzi, sadaka ya mvua, lakini hana hakika, itapimwa. Nimeisafisha mmojammoja kwa brashi, nimeihesabu, nimeipa namba. Kazi ya siku nzima, mgongo unauma. Nilikuwa naimba zile nyimbo zako za kwaya.

Tarehe kumi na mbili Julai boksi linaondoka kwenda Dar es Salaam. Huenda na mimi nikasafiri nalo. Mama, kama kuna unachokijua, sasa ndio wakati. Usiogope, siku hizi mambo ya mila si aibu.

Mwanao,
Serafina Shija


Runzewe
1 Julai 2024

Ng'wanawane, mwanangu,

Keti kwanza. Kama upo na watu toka, katafute mahali ukae.

Wale si mbuzi. Ni Kulwa na Doto.

Nimeandika huo mstari nikaacha, nimekwenda kufua, nimerudi. Naendelea.

Wewe unajua una jina la Shija kwa kuwa uliwafuata pacha. Na unajua pacha wako pale kwenye makaburi ya parokia, tunapalilia kila siku ya Marehemu, baba yako anasali, wewe unaweka maua. Pale hakuna mtu. Pale kuna kipande cha mgomba.

Mwaka wa tisini na sita nilikwenda kujifungulia kwa mama yangu Nyabusenga, kama desturi ya mimba ya kwanza. Wakatoka wawili, Kulwa kwanza, Doto nyuma yake. Wadogo kama njiwa. Siku ya kumi na moja Kulwa akaacha kunyonya, Doto naye akaacha kwa kumwona mwenzake. Niliwabatiza mwenyewe kwa maji ya kikombe, vile baba yako alivyonifundisha, maneno nilikuwa nayajua.

Nikapiga yowe. Mama akaniziba mdomo kwa kiganja. Akasema, "Nyamaza. Mabasa hawaliliwi." Mabasa ndio pacha. Akasema, "Hawafi hawa, wamerudi majini. Ukiwalilia watakasirika, na mvua itaondoka nao, na tumbo lako litakauka." Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanangu. Nikanyamaza. Mpaka leo sijawalilia, hata nikisikia wenzangu wamefiwa nalia huko, nalia na ya kwangu humohumo, mtu hajui.

Chungu kile kilikuwa cha bibi yake bibi yake, kimetunzwa darini. Midomo miwili ni kwa sababu kila mmoja awe na mlango wake. Ndiyo maana daktari wenu anaona ni cha zamani. Chungu ni cha zamani kweli. Waliomo ni wa juzi, wangekuwa na miaka ishirini na nane.

Ungemuuliza Mzee Marselino, "Mabasa wamelazwa wapi?" angekuonyesha kwa kidole. Wewe umemuuliza kaburi. Kaburi ni la mtu aliyekufa, kwenye nchi kavu. Amekujibu kweli tupu. Nawe kusema mabasa hukufundishwa, ni mimi niliyekunyima, nilitaka uwe mtoto wa kanisani.

Sasa baba yako. Ndiyo kwanza alikuwa amepewa ukatekista. Ningerudi nimwambie watoto wake wabatizwa nimewatia kwenye chungu bondeni? Mama ndiye aliyekata mgomba, akaufunga kwenye shuka, akanipandisha lori. "Mwambie wamekaa siku tatu njiani, asifungue." Baba yako akazika bila kufungua. Alilia yeye kwa ajili yetu wote wawili. Mwaka wa pili ukaja wewe, na mvua ilikuwa nyingi, nikasema basi, mama alikuwa sahihi, nimeachwa salama.

Nilitaka kukwambia ile tarehe nne. Nikaandika chatu.

Nakuomba kitu kimoja. Warudishe. Kabla ya hiyo tarehe kumi na mbili, wasipandishwe gari kama mzigo. Sijui utafanyaje, wewe ndiye msomi.

Mama yako,
Tereza


Kambini
4 Julai 2024

Mama,

Shikamoo.

Nimewapa namba. Kuanzia moja mpaka tisini na nne. Niliziandika kwa kalamu nyembamba ili zisifutike.

Nimemwambia Dkt. Enock. Alikaa chini kwenye ndoo. Amekuwa mwema. Lakini kwenye fomu bonde limeandikwa halina kaburi, kwa mkono wangu, na fomu imeshapelekwa. Ili ibadilike lazima mzazi aje mbele ya kamati ya makaburi Katoro, tarehe kumi na moja, aseme kwa kinywa chake kwamba lile ni kaburi na waliomo ni marehemu wake. Mzee Marselino atashuhudia. Wanataka na baba, kwa kuwa kule parokiani kuna kaburi lenye majina hayohayo, na mtu mmoja hawezi kuwa na makaburi mawili. Baba asipokuja, kamati itaamua yenyewe.

Kwa hiyo lazima umwambie.

Ungeniambia ile tarehe nne ya Juni, nisingekigusa.

Serafina


Runzewe
8 Julai 2024

Mwanangu Shija,

Nimemwambia jana baada ya misa. Nilimsubiri ale ashibe.

Alikaa palepale mpaka kuku wakaingia ndani wakaanza kudonoa sahani. Kisha akauliza, "Mgomba gani?"

Nikasema, "Wa pale nyuma ya jiko la mama."

"Wa ndizi gani?"

Nikasema sijui, Ansgar, ndizi za kupika. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anataka kujua hilo tu.

Nikamwambia habari ya kamati. Akasema, "Niende nikaseme nini? Kwamba katekista miaka ishirini na nane ameusalia mgomba? Kwamba Padre ameunyunyizia maji ya baraka kila Novemba? Na wale wazazi ninaowakataza kwenda kutambika, niwaambie nini Jumapili?"

Nikamwambia, "Wewe mwenyewe ulitufundisha chini ya altare kuna mfupa wa mtakatifu. Ukatuambia ndiyo maana mahali pale ni patakatifu. Mama yangu naye alifanya hivyohivyo, ila yeye altare yake ilikuwa matete."

Akasema, "Tereza, usinihubirie."

Akatoka. Nilijua alikokwenda, nikamfuata kwa mbali. Alikuwa amesimama pale makaburini, kofia mkononi, hasali. Amesimama tu. Aliponiona akasema, "Ulinitazama nikilia. Siku ile. Ulisimama hapo ulipo ukanitazama."

Nikarudi nyumbani.

Amekataa kuja. Hajanipiga, hajanitukana, jana alilala sebuleni kwenye mkeka na kifua kile. Nimemwekea blanketi, asubuhi nimelikuta limekunjwa.

Nakuja peke yangu, Jumatano, kwa basi la Maganga. Utanipokea? Nitavaa kitenge cha kijani ili unione.

Mama yako,
Tereza


Dar es Salaam
16 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuondoka asubuhi iliyofuata kamati bila kuaga. Gari lilikuwa linasubiri, na mtu wa kusafiri na chungu nilikuwa mimi.

Chungu kimefika salama. Kimo kwenye chumba kikavu, chenye mashine ya kunyonya unyevu. Kwenye kadi wameandika "chungu cha kale chenye midomo miwili, Nyabusenga". Nilitaka kuongeza neno, sikujua lipi.

Nakula vizuri. Usiniandikie kwanza. Nikiwa tayari nitaandika mimi.

Serafina


Katoro
2 Agosti 2024

Mwanangu Shija,

Umesema nisikuandikie kwanza. Hukusema kwanza ni siku ngapi. Nimehesabu kumi na saba, nikaona zinatosha.

Ulikuwa umesimama nyuma karibu na dirisha siku ile ya kamati, sijui kama ulisikia yote, nilikuwa nasema chini. Yule bwana wa mezani aliuliza jina, nikasema Mama Kulwa. Akasema kwenye kitambulisho ni Tereza. Nikasema ndiyo, lakini mama wa hawa anaitwa Mama Kulwa, na tangu niwazae hakuna aliyeniita hivyo. Akaandika Tereza.

Akaniuliza, "Unathibitisha kwamba ni marehemu?" Mzee Marselino akatazama chini. Mimi nikakumbuka kiganja cha mama mdomoni. Nikasema ndiyo, ni marehemu, walikufa. Nikasema mara mbili, maana mara ya kwanza hakusikia. Halafu nikalia, Shija. Sikujizuia tena, nililia mpaka yule bwana akafunga kalamu akatoka nje. Mzee Marselino akasema, "Lia mayu, lia mama, hakuna mvua ya kuharibika, ni kiangazi."

Ulikuwa umeshatoka wakati huo, nadhani.

Wakatupa jibu lao. Chungu ni cha taifa, mifupa ni yangu. Nikawaomba viende pamoja, wakasema haiwezekani. Nikawaomba basi nirudishe watoto bondeni, wakanipeleka nikaona mwenyewe, pameshazungushiwa uzio na mashine inavuta maji mchana kutwa, matete yamelala. Wamenipa mahali kwenye yale makaburi mapya ya kuhamishia, kule kilimani kwenye udongo mwekundu. Boksi la mbao, zuri, limepigwa randa. Dkt. Enock alisimama mpaka mwisho, akashika na chepe. Kibao kina majina, Kulwa na Doto, hakina namba. Hiyo namba uliyoandika kwenye mifupa usiiwaze. Mimi nilikuwa nawatofautisha kwa uzi niliowafunga mkononi, nayo ni namba hiyohiyo.

Sijarudi Runzewe. Nimefikia kwa Juliana, dada yake Maganga, namsaidia kuuza nyanya. Baba yako hajauliza nitarudi lini. Maganga anasema Jumapili anafundisha kama kawaida, na pale makaburini ameng'oa msalaba mwenyewe, amesawazisha, hajasema kitu kwa mtu. Watu wanadhani ni mchwa.

Kila Jumamosi napanda bodaboda mpaka kilimani na dumu langu la lita tano. Getini kuna askari wa kike, binti anaitwa Noela, wa umri wako. Siku ya kwanza alinifuata. Akaniambia, "Mama, unamwagilia nini? Hapa hatujapanda kitu."

Nikamwambia, "Wamezoea maji."

Akatazama kibao, akarudi getini. Sasa akiniona ananifungulia kabla sijashuka. Maji yenyewe hayakai. Udongo ule una kiu, unameza kabla dumu halijaisha, ukigeuka ni pakavu kama hukupita.

Ile tarehe nne uliyonitajia, naijua. Nalala nayo. Ningekwambia usingeshika brashi, lakini ningekwambia ungejua mama yako ni mwongo, na mimi nilitaka unipende wiki chache zaidi. Ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine.

Kama umekasirika niandikie umekasirika. Hata matusi andika, Maganga ataniletea, Juliana hajui kusoma. Nikijua umekasirika nitalala. Kunyamaza ndiko siwezi.

Mama yako,
Tereza